Hukufika kwenye zulia

Mwanangu Rehema,

Sisi huku wazima. Nimeupata ujumbe wako wa Jumamosi. Unasema msimamizi wako ameipenda mada ya barua zisizofika, ila anaiona pana mno kwa tasnifu ya uzamili, kwa hiyo ubaki na Thomas Hardy wa Uingereza au Herman Melville wa Marekani. Unaniuliza umwache yupi. Nilitaka kukujibu kwa neno moja siku ile ile, nikajizuia.

Unalikumbuka lile jalada la kijani ulilokuwa ukilikalia mezani ili uifikie sahani? Ndiyo tasnifu yangu. Kurasa 112, shangazi yako alizipiga taipu usiku usiku, kuhusu majaaliwa katika Tess of the d'Urbervilles, riwaya ya Hardy. Majaaliwa! Nililiona neno zito, nikalitandazia sura tano. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja, mzee mpole na kikombe chake cha chai, aliniuliza swali moja tu: "Tess alipoikuta tena ile barua yake, ilikuwa imefunguliwa?" Nikababaika. Nikasema Angel, mchumba wake, aliisoma akakasirika. Mzee akaweka kikombe chini. "Binti, hukufika kwenye zulia." Nilifaulu, na masahihisho kibao. Lakini hata leo naweza kuwa nachambua mchele, sauti ile ikanijia, nikaona haya peke yangu jikoni.

Maana zulia lipo, na limeelezwa wazi. Tess anaandika kurasa nne kumwambia mchumba wake yaliyompata zamani, anapanda ngazi peku, anaisukuma barua chini ya mlango. Angel hasemi kitu. Tess anadhani amesamehewa. Asubuhi ya harusi anapanda tena kwenye chumba kile, anainama, anaona ukingo mweupe wa bahasha: kwa haraka yake aliipitisha chini ya mlango na chini ya zulia pia. Imefungwa vile vile alivyoifunga.

Sasa niambie, majaaliwa yako wapi hapo? Zulia liliificha, sawa. Lakini ameipata kabla ya kwenda kanisani, na bwana harusi yumo humo humo nyumbani. Anashuka nayo chumbani kwake, anaiharibu kwa mkono wake. Kurasa zangu 112 zinaangukia hapo. Ila ngoja, nisimwonee. Nyumba nzima ilikuwa pilikapilika, na walipokutana pale ngazini akataka kuyaungama makosa yake kwa mdomo, Angel ndiye aliyesema hapana, ya makosa tutayazungumza baadaye. Kwa hiyo barua ilikosa kufika mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na zulia la kusingizia. Laiti ningemjibu hivyo yule mzee!

Ndiyo maana nimekuimbia tangu uko kidato cha tatu hadi ukachoka: shika kitu kwanza, wazo litakuja lenyewe. Na uangalie unasoma toleo gani. Riwaya ile ilipokuwa ikitoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1891, ilibidi ipunguzwe makali. Kitabuni Angel anawabeba wale wasichana wakamuaji mikononi kuwavusha maji. Gazetini aliwavusha kwa toroli! Mtu anaweza kuandika sura nzima juu ya mikono ile, kumbe nakala aliyonayo ina toroli.

Melville nampenda kwa sababu nyingine, na marehemu baba yako amo. Nilimsomea Bartleby, ile hadithi ya mwaka 1853, naye baba yako alikuwa karani wa kunakili hukumu. Mimi nilicheka kila Bartleby, karani wa kwenye hadithi, alipoambiwa afanye kazi akajibu angependelea asifanye. Baba yako hakucheka hata mara moja. Aliuliza tu alikuwa anakula nini. (Vibiskuti vya tangawizi.)

Lakini kwako wewe kuna tatizo. Humo barua hazionekani. Bartleby akishafia gerezani, mwanasheria aliyemwajiri, ndiye anayesimulia, anatuletea tetesi: eti aliwahi kufanya kazi Washington, katika ofisi ya barua zilizokosa wenyewe, zinazochomwa mikokoteni kwa mikokoteni. Mwenyewe anakiri hajui kama ni kweli. Utajengaje tasnifu juu ya tetesi? Au pengine hapo ndipo penye kazi: kwa nini bosi huyu, aliyeshindwa kumwelewa mtu aliyemweka nyuma ya kiambaza ofisini mwake, anazihitaji barua zile ili apate usingizi? Unaona, nimeshaanza kukuandikia.

Sitakuchagulia. Nikisema Hardy, utasema nakutuma ukanifutie aibu yangu, na sitabisha sana. Nikisema Melville, nitakuwa nimekudanganya. Basi, msikilize msimamizi wako.

Jana nimelifungua jalada la kijani. Mchwa wamekula kuanzia mwisho, ila ukurasa wa 61 upo, na pembeni niliandika kwa penseli usiku ule baada ya kutetea: "Aliichana." Nimerudi kwa Hardy, sura ya 33. Hasemi aliichana. Hasemi aliichoma. Nikaifuta ile penseli, ikabaki alama.

Mama yako