Maswali ya Wasomaji: Bundi wa Theluji

SWALI: Katika picha mmoja ni mweupe pepe, mwingine ana michirizi myeusi kifuani. Je, ni jamii mbili? Na mbona wote wanawinda mchana?

JIBU: Ni jamii moja. Dume aliyekomaa ndiye huelekea kuwa mweupe mwili mzima. Jike habandukani na michirizi yake, na makinda wa mwaka wa kwanza huwa nayo tele. Lakini usikate shauri kwa rangi peke yake, kwani dume mchanga hufanana sana na jike. Tazama na umbo: jike humzidi dume, na huweza kufikia kilo 2 na ushei. Ukipata picha ya karibu, angalia miguu. Manyoya yamefunika vidole hadi kwenye kucha, na hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya baridi ya tundra, nyika ya kaskazini ya mbali anakoishi.

Kuhusu mchana, huko Aktiki, eneo linalozunguka Ncha ya Kaskazini, jua la kiangazi halizami kwa wiki kadhaa. Bundi wa kungoja giza angekufa njaa! Huyu hutua juu ya tuta, akageuza kichwa huku na huku, akisikiliza lemingi, vipanya vya kaskazini. Bundi mmoja hula lemingi 3 hadi 5 kwa siku.

Lemingi hao ndio huamua kila kitu. Kwa kuwa tundra haina miti, jike hukwangua kishimo ardhini, mahali palipoinuka ambapo upepo umepeperusha theluji. Lemingi wakijaa, hutaga hata mayai 11. Wakiadimika, huenda asitage kabisa. Hutaga yai moja kila baada ya siku 2 hivi na kuanza kuatamia papo hapo, kwa hiyo kinda wa kwanza huanguliwa baada ya siku kama 32, wadogo zake wakiwa bado ndani ya mayai. Chakula kikipungua, kitinda mimba ndiye hutangulia kufa.

SWALI: Wanaofika Marekani wakati wa baridi wamefukuzwa na njaa?

JIBU: Si lazima. Wimbi kubwa la bundi waliohamia kusini majira ya baridi ya 2013–14 lilikuwa na vijana wengi waliozaliwa kiangazi cha lemingi tele, na wengi walikuwa na afya njema. Hupenda viwanja vya ndege kwa sababu ni uwanda mtupu kama tundra. Ukimwona, simama mbali. Akinyoosha mwili na kukukazia macho, rudi nyuma mara moja, maana akilazimika kuruka ovyo hupoteza nguvu anazohitaji kuwindia.