"Start over" kwa waongoza watalii wapya wa Bagamoyo

Ninyi mnaoanza kuongoza watalii hapa Bagamoyo, jihadharini na neno letu "anza tena". Linabeba mambo mawili. Mvua iliyokatika ikishuka kwa mara nyingine, imeanza tena. Ngoma ikivurugika, wapigaji wakairudia toka mwanzo, nayo imeanza tena. "Start over" ni la hilo la pili peke yake: kilichokwisha fanywa kinaachwa, mnarudi sifuri. Ndiyo maana "The rain started over" humwacha mgeni akikutazama. Mvua, injini ya boti, maumivu ya kichwa, vyote hivyo ni "started again".

Kipimo chake ni neno "upya". Likikaa vizuri mahali pa "tena", tumia "start over". Umehesabu wageni wakipanda mashua, hesabu ikakupotea: "I lost count, so I started over." Lakini maelezo ya magofu ya Kaole yakikatizwa na simu, ukaendelea ulipoishia, hujaanza upya chochote. Sema "Let me carry on." Ukisema "Let me start over from where I stopped" umejipinga katika sentensi moja.

Kinachoanzwa upya, ukikitaja, kiweke katikati: "start the song over". Kikiwa "it" hakuna hiari, ni "start it over". "Start over it" haipo. Mkazo wa sauti uangukie "over".

Kwa habari ya maisha, neno hili linajitosheleza. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868, ikapokea watu waliokombolewa utumwani. Mkiwa pale, "Here, many of them started over" inatosha. Mgeni ameshaelewa kuwa ni maisha. Tatizo ni kutafsiri "walianza upya maisha yao" neno kwa neno, ikatoka "started over their life". Kama lazima maisha yatajwe, sema "started their lives over".

Halafu kuna Waingereza. Neno hili hasa ni la Wamarekani. Mwingereza atakuelewa, ila yeye kwa kawaida husema "start again" hata pale anapomaanisha kuanza upya, sawasawa na "anza tena" yetu. (Inakera, baada ya kazi yote hiyo.) Kwa hiyo akikuambia "Shall we start again?" mnapotoka kunywa chai, usikimbilie kurudia maelezo yote. Muulize kwanza: "From the beginning?"