Jibu: Kumpa mgeni vocha ili aandike maoni Google, ni sawa?

Ndugu, umeuliza kama ni sawa kumpa mgeni wa gesti yako hapo Lindi vocha ya 5,000 akikuwekea nyota tano Google. Usifanye. Google hawaruhusu maoni yaliyotolewa kwa malipo, iwe pesa, punguzo au kitu cha bure, hata kama hukutaja nyota. Tripadvisor, ule mtandao wa maoni ya wasafiri, nao vilevile. Wakikugundua wanayafuta.

Mimi nauza korosho hapa Mtwara. Vocha ninazo, ila nampa anayejaza karatasi yangu ya maswali, ile inayobaki dukani. Asifie, aponde, anapata ileile ya 2,000. Mmoja aliandika: "Chumvi nyingi, na pakiti haifungiki." Huyo kanisaidia kuliko wote waliosifia (pakiti nimeshabadilisha, chumvi bado tunabishana na mke wangu).

Ya Google naomba kwa mdomo tu, mteja akiwa bado anatafuna: "Dada, ukipata nafasi tuandikie ulivyoona." QR (ile alama ya kuskani kwa simu) ya kufungua ukurasa wa maoni nimeibandika kando ya mizani, anaskani mwenyewe. Wengi wanasahau, basi. Ila usiwaombe waliofurahi peke yao ukamruka aliyenuna. Hilo nalo Google wamelikataza.