Peoni Haitalala Mtwara

Wadogo zangu wa vitaluni, Mtwara na Lindi, nawapenda, lakini hili la peoni, ua la nchi za baridi, linanichosha. Kila mwaka yuko mgeni wa kazi kaona picha kwenye simu, kapokea oda, na advansi kaila.

1. Peoni ya majani laini hunyauka juu kila mwaka, mizizi ikabaki hai chini. Inalazwa na baridi. Isipopata wiki kadhaa za baridi ya nyuzi 5 hivi kushuka chini, macho yake, yaani machipukizi ya mzizini, hayaamki sawasawa, na ua usilitarajie. Paeonia lactiflora kwao ni Siberia na China ya kaskazini. Sisi hapa, hata Julai kusi likivuma, hatufiki huko. Newala penyewe baridi yake ni ya sweta tu.

2. Chotara nayo inataka baridi. Toichi Itoh wa Japani alichanganya peoni ya majani laini na ile ya mti mwaka 1948, na Samuel Wissing wa Marekani akatoa 'Coral Charm' mwaka 1964. Kazi kubwa, rangi nzuri, lakini usingizi ni uleule. Hapo ndipo kijana wetu mmoja alipoponzwa. Muuzaji wa mtandaoni alimhakikishia kwamba chotara inavumilia joto. Mama mmoja wa Shangani alitaka bustani iwe tayari kwa harusi ya bintiye. Mizizi ikafika minene, macho mekundu, inatamanisha. Kijana akaifukia kina cha muhogo, akajaza samadi mbichi, akawa anamwagilia asubuhi na jioni, na mvua yenyewe inanyesha. Vikachomoza vijani vichache, akamtumia mama picha. Vikasinyaa, akaongeza maji. Tulipofukua, mizizi yote ilikuwa imeoza. Mama hakugomba. Alinyamaza, akaenda kununua miche kwingine, na kijana akamrudishia fedha kidogokidogo kutoka kwenye posho yake. Iliniuma, maana ana mkono wa kazi. Makosa ya kina na maji yanafundishika: macho yasizidi sentimita 5 chini ya udongo, maji yasituame. Joto la Mtwara utalifanyaje?

3. Kuulaza mzizi kwenye friji? Mzizi utaamka, kisha utautoa uje kwenye joto hilihili, na mwakani uanze tena. Mteja hakununua kazi hiyo.

4. Mbegu, achaneni nazo. Ua ni baada ya miaka mitatu au zaidi, tena huko kwenye baridi.

5. Mteja anayependa ua linalolala na kurudi, mwonyesheni yetu yanayolala kwa ukame: Scadoxus multiflorus, jekundu, huchanua mvua zikianza, Siphonochilus kirkii wa ukoo wa tangawizi, na Gloriosa superba. Huyu wa mwisho mshikeni taratibu, jicho la kiazi chake liko kwenye ncha, likivunjika mche umekwenda. Kina sumu pia, kisikae karibu na viazi vya kula wala watoto. Kiangazi kateni maji kabisa, na chomekeni kibao chenye jina, kwa sababu kila msimu kuna anayedhani chungu ni kitupu akakimwaga.