Mwanangu, usiku anaamka nani?

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza huku nachambua mchele, na kilio cha Naima huko nyuma nilikisikia vizuri kuliko maneno yako. Unasema alikuwa akilala tangu saa mbili usiku mpaka adhana ya alfajiri, na tangu mtoke hospitali na ile nimonia usingizi umemruka, kila baada ya saa moja yuko macho. Rafiki yako wa ofisini amekwambia umwache alie, siku tatu nne atazoea. Unaniuliza umwache au usimwache.

Mimi nakuuliza kwanza: usiku anaamka nani?

Maana nilipokuja kumwona alipotoka wodini nilikuwa nimelala hapo sebuleni, nikaona. Saa sita kalia, ukampa ziwa. Saa nane kalia, mume wako kamzungusha nyumba nzima na simu inaonyesha katuni. Saa kumi dada wa kazi kamfunga mgongoni kwa kanga. Mtoto wa miezi tisa ana akili zake. Kila akifungua jicho anakuta sherehe mpya, kwa nini alale? Nimelisema miaka yote na wadogo zako wananicheka: mtoto hulala wakubwa wakishapatana.

Wewe mwenyewe ulitufanyia hayo hayo mwaka 1994, wakati wa ule mgao wa umeme, maji yalipopungua bwawa la Mtera. Ulikuwa umri wa Naima. Ulizoea feni, na feni ikizima tu, na wewe macho. Bati la nyumba ya Ngamiani unalijua, joto la mchana lilikaa humo mpaka usiku wa manane. Ukalia wiki, ukalia mwezi.

Ndipo shangazi yako mkubwa, Mungu amrehemu, akaja kutoka Pangani siku ya maulidi. Sebule imejaa wanawake, wengine hata majina yao siyajui. Akakushika mkono, akaubonyeza kama anayechagua embe sokoni, akasema bila kushusha sauti, “Huyu kabemendwa huyu. Ndiyo maana halali.” Yaani mimi na baba yako hatukujizuia wakati unanyonya, ndiyo umedhoofika. Aliyekuwa akileta sinia la vikombe akasimama pale pale mlangoni. Mimi nimekaa, na kadi yako ya kliniki iko kabatini, mstari wa uzito umepanda vizuri kabisa. Na baba yako yuko kizingitini, alikuja kuuliza kama halua inatosha. Akatazama viatu vyake.

Najua, ni dada yake aliyemlea, angemjibu nini mbele za watu? Nimejiambia hivyo mara nyingi, na mara nyingi nimekubali. Halafu nakumbuka vile viatu.

Lakini usiku ule, nikuambie, baba yako aliingia chumbani na upepeo wa ukindu, akaniambia, “Wewe lala. Akiamka ni wangu.” Akaketi chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda chako, akakupepea juu ya chandarua. Na kwa kuwa nyimbo za kubembeleza hakuzijua hata moja, akakutajia vituo vya reli, kwa ile sauti yake ya kazini: Pongwe, Muheza, Mnyuzi, Korogwe, Mombo, Mkomazi, Buiko... Ukilia, anakugusa kifua, anaanza tena Pongwe. Hakukutoa kitandani, hakuwasha taa, hakuniita. Siku za mwanzo alifika Moshi na kurudi. Baadaye ulikuwa husikii Korogwe. Ukivuka Hedaru tulijua una homa. Umeme ulikuwa bado wa mgao, joto lile lile, na shangazi yako alikuwa bado anasema.

Kwa hiyo mkae, wewe na mumeo na dada, mpatane nani ataamka na atafanya nini, kisha kila usiku iwe hivyo hivyo. Ningekuwa mimi ningempa baba yake, maana wewe ukitokea ananusa maziwa. Kule wodini alizoea kulala kifuani kwako, sindano za usiku, taa inawaka. Amepona, mazoea yamebaki. Kila mtoto huzinduka kidogo katikati ya usingizi, hata sisi hugeuza mto. Ila aliyelalia mikononi akajikuta kitandani peke yake hushtuka. Na umri huu ameshajua kwamba usipoonekana upo mahali fulani, basi anakuita. Mwogeshe, mnyonyeshe, taa ipungue, umlaze akiwa bado anapepesa macho, saa ile ile kila siku. Kama kadi yake inapanda na mchana anakula uji wake vizuri, lile ziwa la saa sita lipunguze taratibu.

Kabla ya hayo yote hakikisha kifua kimepona kweli. Akiwa ametulia, mhesabie pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa umri wake, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kurudi hospitali hapo hapo, na mbavu zikibonyea anapovuta pumzi usihesabu tena, nenda. Na huyo jirani anayekwambia umpe Piriton ili alale, mwambie mama kakataa. Asali pia, mpaka atimize mwaka.

Sasa la kumwacha alie. Simsemi vibaya rafiki yako. Wapo waliofanya hivyo na watoto wao wazima, wanasoma, wana adabu kuliko wengine niliowazaa. Na kulia dakika tano huku baba yake yuko pembeni si kuachwa. Lakini mtoto aliyetoka wodini juzi, mlango umefungwa... Haya, ninanyamaza. Jibu ninalo, liko hapa kwenye ncha ya ulimi, ila mtoto ni wenu, na mimi nilishakaa kwenye sebule ambayo mtu mzima alitoa hukumu juu ya mtoto asiyemlea yeye.

Mkiamua kumwacha, sawa. Ila usinipigie simu saa hizo nikamsikia. Basi la kwanza la Dar linaondoka Tanga alfajiri, na mkoba wangu haujafunguliwa tangu nirudi.

Mama yako