Udugu wa Kuchanjiana na Mauaji ya Wayahudi wa Romania

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba baadhi ya waliowatesa na kuwaua Wayahudi wakati wa Vita Vikuu vya Pili hawakuwa Wajerumani, bali wenyeji walioishi nao mtaa mmoja. Ni chuki tu iliyowasukuma, au kulikuwa na jambo jingine? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, chuki ilikuwapo tangu zamani, lakini chuki ya mtu mmoja huweza kuishia kwenye maneno ya barazani. Nchini Romania kilichoigeuza kuwa kazi, tena kazi ya kuonewa fahari, kwa sehemu kubwa kilikuwa ni urafiki wa wanaume.

Corneliu Codreanu, aliyesomea sheria mjini Iași, alifungwa pamoja na wenzake katika gereza la Văcărești mwaka 1923 kwa njama ya mauaji. Walitoka wakiwa wameshibana, na mwaka 1927 wakaanzisha Lejioni ya Malaika Mkuu Mikaeli, chama cha siasa kali kilichowachukia Wayahudi, iliyojulikana baadaye kama Walinzi wa Chuma. Mwanachama aliingizwa katika “kiota”, yaani kikundi cha watu 3 hadi 13, ambamo kila mmoja alimjua mwenzake kwa sura na kwa tabia, wakiimba, wakisali na kufanya kazi za mikono pamoja. Wanafunzi wa sekondari walikuwa na Udugu wa Msalaba, jina lililotokana na mila ya kale ambayo sisi tungeiita udugu wa kuchanjiana.

Kuuvunja udugu huo kuliogofya. Mihai Stelescu, aliyekuwa sahibu wa Codreanu kabla hawajakosana, alikuwa amelazwa hospitalini Bucharest mnamo Julai 1936 wakati wanaume 10 wa Lejioni walipoingia chumbani, wakammiminia risasi na kumkatakata kwa shoka. Naamini kwamba kijana aliyesikia habari hiyo hakuhitaji kuelezwa gharama ya kusema “mimi simo”.

Lejioni ilipoingia serikalini Septemba 1940, wafuasi wake walipachikwa kuwa makamishna katika biashara za Wayahudi, na wenye maduka wakalazimishwa kutia saini za kuyaachia. Januari 1941, katika uasi wa siku 3 jijini Bucharest, waliwaua Wayahudi wapatao 120. Lejioni ilishindwa, lakini watu wake walibaki mitaani. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo, mjini Iași, polisi, wanajeshi na raia, wakiwamo waliokuwa wanachama wake, walishiriki mauaji ya Wayahudi zaidi ya 13,000, maelfu kati yao wakifia ndani ya mabehewa ya treni za mizigo yaliyofungwa, katika joto kali, bila maji.

Treni mojawapo ilisimama katika mji wa Roman. Viorica Agarici, kiongozi wa Msalaba Mwekundu mjini hapo, alisikia vilio, akashikilia kwamba mabehewa yafunguliwe, na waliokuwa hai wakapewa maji na chakula. Watu wa mji wake walimchukia kwa tendo hilo, hata akalazimika kuhama.