Binamuyo kakutumia gemu yake ya kwanza, utamwambia nini?

Kaka, vile nilivyokusoma, binamuyo katengeneza gemu mwenyewe, kakutumia uicheze umpe maoni, sasa waogopa. Ukisema mbovu utamvunja moyo, ukisema nzuri utakuwa wamvika kilemba cha ukoka. Mi naona achana na yote mawili, maana akishaambiwa "nzuri" au "mbovu" atarekebisha nini hapo?

Mi niko huku Malindi, nacheza sana gemu za watu binafsi za kule itch.io, tovuti ambako watu huweka gemu zao, nyingi ni za bure, ndogo ndogo, bando haliishi, na nikimaliza huwa namwandikia mwenyewe. Ninachoandika ni yaliyonipata. Nilianza hapa, nikakwama pale, nikadhani mlango haufunguki kumbe ufunguo uko nyuma ya mti wenye rangi ileile ya ukuta. Mwenyewe hawezi kuyaona hayo, ameicheza mpaka vidole vinajua njia.

Halafu usiandike tu "kontroli mbaya". Chukua hizi gemu za kuruka ruka, watu husema mtu wake mzito, hasikii, basi. Mara nyingi shida ni kwamba ulibonyeza wakati mguu umeshatoka ukingoni kidogo tu, gemu ikahesabu uko hewani, ukafa, na wewe macho yako yakwambia ulikuwa bado umekanyaga. Celeste, ile ya 2018, hapo yakuhurumia, yakuachia fremu chache (zile picha moja moja zinazopita kwenye skrini) baada ya kutoka ukingoni na bado waweza kuruka. Kwa fremu 60 kwa sekunde, fremu 5 ni sehemu moja ya 12 ya sekunde, mchezaji hata hajui kasaidiwa. Sasa ukimwandikia "nabonyeza mwisho kabisa wa jiwe na haruki", huyo afungua Godot yake, ile programu ya kutengenezea gemu, usiku huohuo.

Na kompyuta yako itaje. Laptopu yangu ya zamani, kadi ya grafiki haina, na msimu huu wa kaskazi joto likipanda feni hainyamazi na kila kitu chaganda. Hilo la kwangu, si la gemu, lakini lazima ajue.

Ukiweza mpe mtu asiyecheza gemu kabisa, shangazi au mpwa, ukae kando ufunge mdomo (ngumu sana hii wallahi). Ukimwambia bonyeza spesi tu ushaharibu, angalia anapobabaika.

Ukali nao una mahali pake. Gemu ya Ludum Dare, lile shindano la kutengeneza gemu kwa saa 48, huwezi kuipima kwa Stardew Valley, ile gemu ya shamba Eric Barone aliihangaikia peke yake zaidi ya miaka minne mpaka ikatoka 2016. Kule Ludum Dare kwenyewe wanapeana alama mbalimbali, ubunifu kivyake, picha kivyake, sauti, ucheshi, hisia, kwa hiyo gemu ya michoro ya vijiti yaweza kung'ara kwenye hisia. Lakini akishaiweka Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, na bei juu yake, hapo mi simhurumii, anataka pesa za watu.

Kitu kimoja tu ndo huandika inboksi, si hadharani: nikitambua muziki au michoro kaichukua kwa mtu bila ruhusa.